Sahani za kantri nazo zina kwao Lubumbashi

Bwana Mhariri,

Nimesoma kwa makini makala mliyoichapisha kuhusu watu wa mji wetu wanaokusanya sahani za zamani za muziki, na nimefurahi kuona kwamba gazeti limewakumbuka. Jambo moja tu ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mwandishi wenu alisema kwamba mkazi wa Lubumbashi anayetafuta sahani za kantri za Marekani anapoteza fedha zake na nafasi ya nyumba yake, kwa kuwa muziki huo ni wa Wazungu wachunga ng'ombe na haumhusu mtu wa Katanga. Mimi ninazikusanya sahani hizo kwa zaidi ya miaka thelathini, zikikaa rafu moja na za rumba na za magitaa ya kwetu, na ninaomba nafasi ya kueleza kwa nini ninaamini zinatuhusu, na ni zipi ambazo mtu anayeanza leo angefanya vema kuzitafuta kwanza.

Nianze na reli, kwa sababu ndiko nilikoanzia mimi mwenyewe. Marehemu baba yangu alikuwa fundi wa reli hapa mjini, ambako garimoshi lilifika kutoka kusini mwaka 1910, na njia hiyo iliyochukua shaba ndiyo iliyotuletea nguo, baiskeli na sahani za muziki. Nyumbani kwetu Kamalondo palikuwa na gramafoni ya kukorogwa kwa mkono na sahani saba za mizunguko 78 kwa dakika, zile nzito ambazo zikianguka sakafuni huvunjika kama sahani za kulia chakula. Moja ilikuwa ya Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri wa Marekani. Baba hakujua Kiingereza zaidi ya maneno ya kazini, lakini alipoelezwa na rafiki yake wa Ndola kwamba mwimbaji yule alikuwa amefanya kazi ya kufunga breki za treni huko Mississippi, akaacha kazi hiyo kwa sababu ya kifua kikuu, alianza kumwita mwenzetu, na tangu siku hiyo sahani ile haikuguswa na mtoto yeyote bila ruhusa yake.

Rodgers alirekodi kwa mara ya kwanza katika mji wa Bristol, mpakani mwa Tennessee na Virginia, mwezi wa Agosti 1927, na mwaka 1933 alikwisha kufariki. Hata hivyo sauti yake, ile inayoruka ghafla kutoka kifuani kwenda kooni, ilikuwa imesambaa mbali sana. Mwaka 1950, Hugh Tracey, yule mtafiti aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alipokuwa akirekodi nyimbo za Wakipsigis nchini Kenya, aliwakuta wasichana wakimwimba Rodgers kwa jina la Chemirocha, wakimwelezea kuwa kiumbe nusu mtu na nusu swala. Kwa hiyo anayesema kwamba muziki huu ni mgeni Afrika anapaswa kwanza atueleze ilikuwaje wasichana wale wakautungia wimbo kabla wengi wetu hatujazaliwa.

Sahani za mizunguko 78 ni ngumu kupatikana na ni ngumu zaidi kuzitunza, kwa hiyo anayetaka kumsikia Rodgers kwa njia iliyo rahisi atafute albamu ya mwimbaji wa kantri Merle Haggard iitwayo Same Train, a Different Time, ya mwaka 1969. Ni sahani mbili katika jalada moja, zote zikiwa na nyimbo zilizorekodiwa na Rodgers, na katikati ya nyimbo Haggard anazungumza, anasimulia maisha ya mzee yule kwa utulivu wa mtu anayesimulia habari za ukoo wake. Haggard mwenyewe alikuwa mtoto wa mfanyakazi wa reli, akalelewa Oildale, California, katika behewa la mizigo ambalo baba yake aliligeuza kuwa nyumba. Sisi tuliokulia katika kambi za reli hatuhitaji kufafanuliwa nyumba ya namna hiyo inasikikaje mvua inapoipiga.

Baada ya reli yaje machimbo, na hapa ndipo ninapotofautiana na mwandishi wenu zaidi. Kila mtu wa Katanga anamjua Mwenda Jean Bosco, Mwenda wa Bayeke, ambaye Tracey huyo huyo alimrekodi mwaka 1952 huko Jadotville, mji tunaouita sasa Likasi. Mtu anayejifunza gitaa hapa kwetu anafundishwa mapema kwamba Mwenda alipiga kwa kidole gumba na kidole cha shahada tu: gumba likitembea kwenye nyuzi nene bila kuchoka, shahada ikichuma wimbo juu yake. Sasa msikilizeni Merle Travis, mtu wa Kentucky, mtoto wa eneo la makaa ya mawe, ambaye baba yake alishuka chini ya ardhi kama baba za jirani zangu walivyoshuka. Naye alipiga kwa gumba na shahada. Sisemi kwamba mmoja alimfundisha mwingine, kwa maana sina ushahidi wa hilo, lakini ninapoziweka sahani zao moja baada ya nyingine jioni, wajukuu zangu huniuliza kama ni mtu yule yule. Travis ndiye aliyetunga, mwaka 1946, ule wimbo wa mchimbaji anayepakia tani kumi na sita na kujikuta deni lake kwenye duka la kampuni limeongezeka, na mzee yeyote aliyewahi kukatwa mshahara kwa ajili ya vitu alivyochukua kantini ataelewa kwa nini ninaona wimbo huo ungeweza kutungwa Kipushi.

Kwa sababu hiyo, Bwana Mhariri, nikiulizwa albamu moja tu ambayo mkusanyaji wa Lubumbashi asiikose, sitataja iliyouzwa zaidi wala iliyo ghali zaidi. Nitataja Will the Circle Be Unbroken, ya mwaka 1972, sahani tatu kwa pamoja. Kundi la vijana wenye nywele ndefu kutoka California, Nitty Gritty Dirt Band, lilikwenda Nashville mwezi wa Agosti 1971 na kuwaomba wazee waje kupiga nao. Alikuja Mother Maybelle Carter, mpiga gitaa wa kundi la Carter Family, ambaye alirekodi Bristol wiki ile ile ya mwaka 1927 alipoanza Rodgers. Walikuja Earl Scruggs na banjo yake, Roy Acuff, Jimmy Martin, Doc Watson, na Merle Travis mwenyewe. Baadhi ya wazee hao walikuwa na wasiwasi na vijana wale, na wakati huo Marekani ilikuwa imegawanyika vibaya kuhusu vita vya Vietnam, hata urefu wa nywele ukawa jambo la kugombania. Wakaketi chumba kimoja, wakarekodi bila kupachika sauti baadaye.

Jambo linalonigusa kila mara ni kwamba waliacha maongezi yabaki ndani ya sahani. Katika upande mmoja mnasikia Doc Watson, aliyekuwa kipofu tangu utotoni, akikutana na Travis kwa mara ya kwanza maishani, na anamweleza kwamba alimwita mwanawe Merle kwa kumpenda yeye. Hakuna muziki katika dakika hiyo, ni sauti mbili za wanaume wazima wanaoheshimiana, mmoja akijaribu kuficha furaha yake. Nimeisikiliza pengine mara mia mbili. Mwandishi wenu akija nyumbani nitamkaribisha kiti, nitamwekea upande huo, na sitasema neno mpaka sindano ifike mwisho.

Ama hoja ya kwamba kantri ni ya Wazungu peke yao, haisimami mbele ya historia. Banjo ilitokana na ala ambazo Waafrika waliopelekwa utumwani waliziunda upya ng'ambo ya bahari. Mother Maybelle alijifunza mengi katika gitaa kutoka kwa Lesley Riddle, mtu mweusi aliyesafiri na A. P. Carter, shemeji yake Maybelle, kutafuta nyimbo milimani. Hank Williams, ambaye wengi wanamhesabu kuwa mtunzi mkuu wa muziki huo, alifundishwa utotoni na mpiga gitaa mweusi wa mitaani huko Alabama, Rufus Payne. Na Ray Charles, mwimbaji mweusi, alipotoa Modern Sounds in Country and Western Music mwaka 1962, akizichukua nyimbo za Williams na za Don Gibson na kuzivika fidla nyingi na tarumbeta, aliwaonyesha hata wenye muziki wenyewe jinsi ulivyo mpana. Albamu hiyo ninaiweka ya pili katika orodha yangu. Charley Pride naye, mwimbaji mweusi, alitoka katika familia ya wakulima wa pamba wa Mississippi na mwaka 1971 akateuliwa kuwa mtumbuizaji bora wa mwaka wa chama chao cha kantri. Sahani zake zilizotengenezwa kusini mwa Afrika bado hupatikana kwa bei nafuu.

Nije sasa kwenye kantri iliyooana na roki, maana vijana wanaonitembelea huanzia huko. Albamu ya kutafuta ni Sweetheart of the Rodeo ya kundi la The Byrds, iliyotoka Agosti 1968. Kundi hilo lilikuwa maarufu kwa roki, na mashabiki wake walipopata sahani yenye banjo, fidla na gitaa la chuma la pedali, wengi waliikataa. Gitaa hilo la pedali linastahili maelezo kidogo, kwa kuwa watu hulichanganya na kinanda: limelazwa juu ya miguu kama meza, mpigaji ameketi, mkono wa kushoto unatelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi, na miguu na magoti yanasukuma vyuma vinavyokaza au kulegeza nyuzi zile wakati zinalia. Ndiyo maana sauti yake hupinda kama ya mtu anayejizuia kulia. Albamu inafunguliwa na kufungwa kwa nyimbo za Bob Dylan, lakini moyo wake ni kijana wa miaka ishirini na moja, Gram Parsons, ingawa kwa sababu ya mgogoro wa mkataba sauti yake iliondolewa katika baadhi ya nyimbo na kuwekwa ya Roger McGuinn, kiongozi wa kundi.

Parsons hakudumu katika kundi hilo. Mwezi wa Julai 1968 kundi lilipokuwa London likijiandaa kwenda kupiga Afrika Kusini, alikataa kupanda ndege, akisema hawezi kupiga muziki katika nchi ya ubaguzi wa rangi, na wenzake wakaenda bila yeye. Wapo wanaosema alikuwa na sababu nyingine pia. Mimi ninajua tu kwamba wengi waliokuwa na majina makubwa kuliko lake walikwenda wakapokea fedha, naye hakwenda, na mtu wa kusini mwa Afrika anayekusanya sahani ana haki ya kulikumbuka hilo.

Alipojitoa alianzisha kundi la The Flying Burrito Brothers pamoja na Chris Hillman, aliyekuwa mwenzake katika The Byrds, na mwaka 1969 wakatoa The Gilded Palace of Sin. Jalada lake peke yake linatosha kuwavuta wapenda mavazi wa nchi hii, kwa suti zilizodariziwa kwa nyuzi za rangi, lakini msiishie kwenye picha. Baadaye alirekodi albamu mbili kwa jina lake, GP na Grievous Angel, akiimba na binti aliyekuwa hajulikani, Emmylou Harris. Ya pili ilitoka Januari 1974, miezi minne baada ya Parsons kufariki akiwa na miaka ishirini na sita. Sijui sauti mbili zilizoshikana vizuri zaidi ya hizo katika muziki huo wote. Harris aliendeleza kazi hiyo kwa Pieces of the Sky mwaka 1975, na nayo ni ya kununua bila kusita. Nashville Skyline ya Dylan, ya 1969, ni fupi lakini tamu. Kundi la Eagles linapatikana kila mahali, na Desperado ya 1973 ndiyo ninayoirudia, zingine nimewaachia wenye kuzipenda.

Johnny Cash ninamwekea aya yake, kwa kuwa At Folsom Prison ndiyo sahani ya kantri inayoulizwa zaidi na wanunuzi, na ndiyo wanayodanganywa nayo zaidi. Ilirekodiwa tarehe 13 Januari 1968 ndani ya gereza la Folsom, California, katika maonyesho mawili ya siku moja, na wimbo wa mwisho ulitungwa na mfungwa, Glen Sherley, ambaye alikuwa ameketi mbele bila kujua kwamba wimbo wake ungeimbwa. Sahani za kwanza za Marekani zina lebo nyekundu ya Columbia yenye maneno 360 Sound sehemu ya chini, na tangu mwaka 1970 kampuni hiyo iliacha lebo ile, ikaandika jina lake kwa rangi ya dhahabu kuzunguka ukingo. Zilizouzwa nje ya Amerika ya Kaskazini zina lebo ya CBS, na hizo ndizo zinazoingia kwetu mara nyingi. Mtu akikutajia bei ya sahani ya kwanza ya Marekani huku mkononi ameshika ya CBS, mrudishie kwa adabu. Ya CBS si mbaya hata kidogo, ila bei yake si hiyo.

Mimi nilidanganywa vibaya zaidi. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua ng'ambo ya mpaka, katika duka ambalo sina haja ya kulitaja, jalada safi la Sweetheart of the Rodeo lililofungwa kwa nailoni. Sikulifungua kwa sababu basi lilikuwa likiondoka. Nilipofika nyumbani na kukata nailoni nilikuta sahani ya kwaya ya kanisa, na hata hiyo ilikuwa imepasuka ukingoni. Tangu hapo siondoki kwenye meza ya muuzaji kabla ya kutoa sahani nje na kuielekeza kwenye mwanga wa jua, kuangalia mikwaruzo, kisha kusoma herufi na namba zilizochongwa kwenye sehemu laini kati ya wimbo wa mwisho na lebo. Namba hizo zikilingana na zile za kwenye lebo, moyo hutulia.

Kosa la pili lilikuwa langu mwenyewe. Mwezi wa Oktoba, kabla ya mvua kuanza, niliacha Red Headed Stranger ya Willie Nelson kwenye kiti cha mbele cha gari kwa muda wa saa moja tu nilipokuwa nikimjulia hali shemeji yangu Ruashi. Iliporudi kwenye mashine ilikuwa inapanda na kushuka kama mtumbwi, na sindano ilikuwa ikiruka nje katika wimbo wa kwanza. Hasara hiyo iliniuma kuliko fedha, kwa maana albamu hiyo ya 1975 ni hadithi moja tangu mwanzo hadi mwisho, ya mhubiri aliyemuua mkewe na kutangatanga na farasi wake, imepigwa kwa gitaa, piano ya Bobbie, dada yake Nelson, na vyombo vichache sana, kiasi kwamba wakubwa wa kampuni walidhani wameletewa majaribio tu. Ukikosa wimbo wa kwanza umekosa kisa. Na hii ndiyo sababu siwashauri wanaoanza kununua mikusanyo ya nyimbo zilizovuma, ingawa ndiyo iliyojaa sokoni: nyimbo zile zilitungwa zikae mahali pake, na ukizing'oa zinabaki nzuri lakini hazikuambii tena kilichotangulia wala kilichofuata. Honky Tonk Heroes ya Waylon Jennings, ya 1973, ambayo karibu nyimbo zake zote zilitungwa na mtu mmoja, Billy Joe Shaver, nayo isikilizwe hivyo hivyo, kutoka mwanzo.

Kuhusu utunzaji, vumbi letu jekundu la kiangazi ndilo adui wa kwanza. Zisimamisheni sahani wima, msizilaze moja juu ya nyingine, na mzitie katika mifuko ya ndani iliyo safi. Ninaziosha kwa maji yaliyochemshwa na kuchujwa, na tone la sabuni isiyo na manukato, nikifuata mzunguko wa mifereji kwa kitambaa laini, nikiilinda lebo isilowe. Wakati wa mvua ninazifungulia kabati mara moja kwa juma ili ukungu usishike majalada.

Mwisho ninaomba msaada wa wasomaji wenu. Will the Circle Be Unbroken niliyo nayo inakosa sahani ya tatu. Niliinunua hivyo, nikijua. Kama kuna familia hapa mjini, Likasi au Kolwezi yenye sahani hiyo hata bila jalada, au yenye sahani za mizunguko 78 za Gallotone, ile lebo ya Afrika Kusini, au za Jimmie Rodgers zilizoachwa na wazee na ambazo hakuna anayezisikiliza, ninaomba iniandikie kupitia ofisi yenu kabla ya kuziuza kwa wanunuzi wa vitu chakavu. Nitalipa bei ya haki, na anayetaka kuzisikiliza kwanza kwa mara ya mwisho anakaribishwa kwangu siku yoyote ya Jumapili baada ya misa.

Wenu katika heshima,
Msomaji wa Kamalondo, Lubumbashi